Je, wajua? Jicho lisilouma laweza kuwa linakufa

Mwaka 1948 Philip Hench wa Mayo Clinic, Marekani, alimchoma kotisoni, dawa ya jamii ya steroidi, mwanamke ambaye baridi yabisi ilikuwa imemfunga viungo, na baada ya siku chache akatembea. Tuzo ya Nobel ikafuata 1950. Lakini ilikuwa mwaka 1960 ndipo madaktari walipotangaza kwamba wagonjwa waliomeza dawa za jamii hii kwa muda mrefu walikuwa wakiota mtoto wa jicho. Kuchelewa huko si ajabu. Steroidi huondoa uvimbe, wekundu na maumivu, yaani mambo yaleyale yanayomfanya mtu atafute daktari, nayo madhara yake machoni huingia bila kubisha hodi. Kwa hiyo nafuu haiwezi kuwa ushahidi kwamba jicho lipo salama.

Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji. Glakoma, dhara jingine la steroidi, ndiyo ya kuogopwa. Maji yanayotengenezwa ndani ya jicho hutoka kupitia chujio dogo lililo kwenye pembe kati ya konea na airisi. Steroidi hulibana chujio hilo, presha ya jicho ikapanda, na mshipa wa fahamu wa jicho ukafa kidogo kidogo. Uoni wa pembeni hutangulia kupotea, na nani huupima uoni wake wa pembeni? Kilichokufa hakirudi. Wapo watakaosema matone mawili ya deksamethasoni, steroidi ya macho, ni kitu gani. Ni mengi, kwa sababu yanafika palepale: takriban mtu 1 kati ya 3 hupandisha presha akiyatumia wiki kadhaa, na wachache hupandisha sana. Mtoto mwenye mzio, macho yakimwasha kila msimu, hununuliwa chupa ileile dukani mwaka baada ya mwaka, na kila mara macho hurudi meupe.

Basi dawa itupwe? La. Uvimbe wa ndani ya jicho usiotibiwa nao hupofusha, na anayemeza steroidi ya prednisoloni kwa pumu au figo akiacha ghafla anaweza kuzidiwa vibaya, maana tezi zake zimeshazoea kutofanya kazi. Kinachotakiwa ni tarehe ya kuacha na kipimo cha presha ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki. Mwenye kisukari, au ambaye mzazi wake ana glakoma, apimwe kabla chupa ya kwanza haijafunguliwa.