Viwavi Bustanini: Kumjua Mdudu Kabla ya Kumuua

Kiwavi ni mtoto wa kipepeo au wa nondo, yaani yule mdudu mwenye mabawa anayefanana na kipepeo lakini huruka zaidi nyakati za usiku. Wadudu hawa hupitia hatua nne maishani mwao, ambazo ni yai, kiwavi, pupa, kwa maana ya mdudu aliyetulia ndani ya kifuko akijigeuza umbo, na hatimaye mdudu kamili. Mdudu kamili kwa kawaida hunywa maji matamu ya maua na hana madhara kwa majani, ilhali kiwavi hana kazi nyingine isipokuwa kula, kukua na kujivua ngozi kila inapombana. Kwa sababu hiyo uharibifu wote bustanini hutokea katika kipindi kifupi cha maisha ya mdudu, na mwenye bustani anayekifahamu kipindi hicho huwa na nafasi kubwa ya kuokoa mboga zake bila gharama kubwa.

Kosa linalotendeka mara nyingi ni kuwachukulia viwavi wote kuwa adui mmoja anayestahili dawa moja. Kiwavi aitwaye sota hujificha udongoni mchana na kutoka usiku kukata miche karibu na ardhi, kwa hiyo dawa inayopuliziwa majanini asubuhi humfikia kwa shida, lakini mtu anayefukua udongo kuzunguka mche uliokatwa humkuta amejikunja kando ya shina. Kiwavi wa kantangaze, nondo aliyetoka Amerika ya Kusini na kuingia Kenya na Tanzania mwaka 2014, huishi ndani ya jani la nyanya, akila nyama ya jani kati ya ngozi zake mbili na kuacha mabaka meupe, kisha hutoboa tunda lenyewe. Kwa upande mwingine, kiwavi wa michungwa na milimau, ambaye akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege na akiguswa hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali, hawezi kuuangamiza mti mkubwa kwa kula majani machache, na baadaye huwa kipepeo mkubwa wa rangi nyeusi na manjano. Mti mchanga tu ndio unaohitaji kulindwa dhidi yake, na kumwokota kwa mkono kunatosha.

Katika bustani za sukuma wiki na kabichi za Afrika Mashariki, hata hivyo, hakuna kiwavi aliyewahangaisha wakulima kama wa nondo mgongo almasi, aliyepewa jina hilo kutokana na alama zenye umbo la almasi zinazoonekana mgongoni anapokunja mabawa yake. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 150 kwenye majani, na mahali penye joto kizazi kizima hukamilika katika muda wa wiki tatu hivi. Kiwavi aliyetoka kuanguliwa huingia ndani ya jani, kisha hutoka na kulila kwa chini huku akiacha ngozi nyembamba ya juu, hivyo jani huonekana limejaa vidirisha vinavyopitisha mwanga. Hata akikomaa hazidi sana urefu wa sentimita moja, na akiguswa hujinyonganyonga kwa nguvu, akarudi kinyumenyume na kuning'inia kwa uzi mwembamba wa hariri. Huongezeka zaidi wakati wa kiangazi, kwa kuwa mvua kubwa huwaangusha na kuwazamisha viwavi wadogo.

Mdudu huyu mdogo ndiye aliyetoa fundisho kubwa kuhusu mipaka ya dawa za viwandani. Mwaka 1953 iliripotiwa kutoka kisiwa cha Java, Indonesia, kwamba dawa ya DDT ilikuwa haimuui tena, na tangu hapo ameendelea kuzishinda dawa za aina nyingi katika nchi mbalimbali. Hali hiyo huitwa usugu, nayo haitokani na mdudu mmoja kuizoea sumu, bali hutokana na uteuzi: katika kundi kubwa huwamo wachache waliozaliwa na uwezo wa kuihimili dawa, na kila dawa ileile inapopuliziwa, dhaifu hufa na wale wachache hubaki kuzaliana, hadi kundi zima likawa la watoto wao. Mkulima anayeona dawa imepungua nguvu mara nyingi huongeza kipimo au kupulizia mara nyingi zaidi, na kwa kufanya hivyo huuharakisha uteuzi huohuo.

Hasara ya pili ya kupulizia ovyo ni kuuawa kwa maadui wa asili wa viwavi, wakiwemo buibui, siafu, nyigu na hasa wale nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi aliye hai. Buu wa nyigu huyo hukua akimla kiwavi kwa ndani mpaka amuue. Mwaka 2002 kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Nairobi, kiliachilia huru katika nyanda za juu za Kenya, ikiwemo milima ya Taita, nyigu wa aina ya Diadegma semiclausum waliotolewa Taiwan. Katika miaka iliyofuata nyigu hao walienea wenyewe, na idadi ya viwavi wa nondo mgongo almasi katika maeneo yaliyochunguzwa ikashuka sana. Kwa maeneo yenye joto, ambayo nyigu huyo hayapendi, ililetwa aina nyingine kutoka Afrika Kusini. Faida ya kazi hiyo humfikia hata mwenye matuta mawili nyuma ya nyumba, lakini kwa sharti moja, kwamba asiwaue nyigu hao kwa dawa kali inayoua kila mdudu.

Kutokana na hayo, utunzaji wa bustani huanza kwa kukagua. Inafaa majani yapinduliwe angalau mara mbili kwa wiki, mayai yapondwe kwa vidole, na viwavi waokotwe na kutiwa katika maji ya sabuni. Kiwavi aliyezungukwa na vifuko vidogo vyeupe au vya manjano mfano wa punje za mchele aachwe mahali pake, kwa kuwa vifuko hivyo si mayai yake bali ni pupa za nyigu waliokwisha kumshinda. Miche kitaluni hulindwa kwa chandarua chenye matundu madogo, ambacho humzuia nondo kutaga, ilimradi kingo zake zifukiwe udongoni. Mabaki ya kabichi baada ya mavuno yang'olewe mapema, maana shina lililoachwa shambani huwalisha viwavi watakaohamia zao jipya.

Ikiwa viwavi wamezidi nguvu za mikono, zipo dawa zinazochagua. Mojawapo hutengenezwa kwa bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, anayefahamika kwa kifupi kama Bt, ambaye huzalisha protini inayopasua utumbo wa kiwavi. Kwa vile ni lazima iliwe pamoja na jani, haimdhuru nyuki wala nyigu. Hupuliziwa jioni, kwa sababu jua huiharibu upesi, na hufanya kazi vizuri zaidi kwa viwavi wachanga, ambao huacha kula baada ya saa chache ingawa hufa baada ya siku kadhaa. Nayo pia haifai kugeuzwa tegemeo pekee, kwani usugu dhidi yake ulithibitishwa katika mashamba ya Hawaii mwaka 1990. Nyingine ni mbegu za mwarobaini zilizosagwa, ambazo gramu 50 hivi hulowekwa usiku kucha katika lita moja ya maji na kuchujwa. Maji hayo humwondolea kiwavi hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wake, lakini yasimwagwe penye mabwawa ya samaki.

Pale dawa ya viwandani inapolazimika, iwe ile iliyosajiliwa kwa zao husika, ibadilishwe na ya kundi jingine ili kuchelewesha usugu, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko ziheshimiwe kikamilifu, kwa kuwa mboga ya bustani ya nyumbani huliwa na watoto wa nyumba hiyohiyo. Jani lenye matundu machache ni chakula salama, na mwenye bustani anayekubali hasara hiyo ndogo huwaachia nyigu na buibui mawindo ya kuwaweka bustanini, wakamfanyia kazi msimu baada ya msimu bila malipo.