Mgombea Mmoja Sandukuni

Wahenga walinena: kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii yatufaa tukikumbuka chaguzi tatu ambazo Meja Jenerali Juvénal Habyarimana, mzaliwa wa mkoa wa Gisenyi wa zamani, alisimama peke yake kugombea urais wa Rwanda.

Alitwaa madaraka tarehe 5 Julai 1973. Katiba ya Desemba 1978 ilimhesabu kila Mnyarwanda kuwa mwanachama wa MRND, chama pekee, na mwenyekiti wa chama ndiye aliyekuwa mgombea pekee. Mpiga kura alijibu ndiyo au hapana, basi. Mwaka 1978 Habyarimana alipata karibu asilimia 99. Mwaka 1983, asilimia 99.97, mwaka 1988, asilimia 99.98.

Je, hayo hayakupata kutokea kwingine? Yalitokea. Mwaka 1820 James Monroe wa Marekani hakuwa na mshindani, akapata kura zote za wajumbe isipokuwa moja. Lakini kule mshindani alikosekana, hapa alikatazwa. Mwaka 1824 Wamarekani walikuwa na wagombea wanne. Wanyarwanda walingoja hadi Juni 1991 ndipo Katiba iruhusu vyama vingi, na vita vya Oktoba 1990 vilikuwa vimekwisha kuanza.

Ndugu msomaji, tujifunze hata majumbani mwetu. Watoto wakiitikia ndiyo kwa hofu, mzazi hajui nani amelala na njaa. Ndiyo huwa na thamani pale tu hapana inapoweza kutamkwa.