Wazo Lisilopendwa Juu ya Wanamuziki

Wandugu wanafunzi, juma lililopita mu chumba cha kulala mwenzetu mumoja alisema: "Mwenda Jean Bosco anapita orkestra zote za Kinshasa." Wote wakamcheka, na siku tatu hakuna aliyekaa naye mezani. Kwa hiyo tumeona heri tueleze.

Wazo lisilopendwa si tusi. Linadai sababu tu, na mwenzetu alikuwa nazo. Bosco wa Bunkeya alipiga gitaa moja kwa kidole gumba na cha shahada, lakini unasikia kama wapigaji wawili. Aliimba Kiswahili chetu. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, na gitaa yake ikasikika mpaka Kenya. Tena mwenzetu alisema libanga, yaani kutaja majina ya watu kwa malipo, inaharibu wimbo.

Wengi wetu tungali na Franco. OK Jazz, tangu 1956, ilituachia sebene ya kuinua hata wazee. Sawa! Lakini sababu inajibiwa kwa sababu, hapana kwa kicheko.

Sisi viongozi pia tulicheka. Tumekwisha kumuomba msamaha. Leo jioni, kiti kando yake kisibaki wazi.