Je, Wajua Chupa Tupu ya Maji Ni Msaada kwa Mtoto Mwenye Pumu?

Chupa ya maji ya nusu lita, ile inayotupwa mtaroni kiu ikishakatika, ina kazi ambayo wazazi wengi wa watoto wenye pumu hawajawahi kuelezwa. Ikitobolewa vizuri kitakoni, huifikisha dawa ya inhela mapafuni, mahali ambapo inhela peke yake mara nyingi haifiki.

Inhela yenyewe ilitokana na swali la mtoto. Mwaka 1955, binti wa miaka 13 wa George Maison, mkuu wa maabara za Riker huko Marekani, alimwuliza baba yake kwa nini dawa yake ya pumu isitoke kwenye kopo la kupuliza. Wakati huo alikuwa akitumia kipulizio cha kioo chenye mpira wa kuminya. Mwaka 1956 inhela ya kwanza ya kopo ikaingia sokoni, na mwaka 1969 ikafuata salbutamoli, dawa ya inhela ya buluu tunayoijua leo.

Shida ni kasi. Ukibonyeza kopo, dawa hutoka kwa nguvu mno, na sehemu kubwa hugonga koo na kubaki hapo. Ili ishuke, mgonjwa anapaswa kubonyeza na kuvuta pumzi kwa wakati uleule, polepole na kwa kina. Mtu mzima hukosea. Mtoto wa miaka sita anayehema kwa hofu atawezaje? Mama huona dawa imepulizwa, kifua bado kimebana, akadhani inhela haifai. Wengi hurudi kwenye vidonge au dawa ya maji ya salbutamoli, ambayo huchelewa kufanya kazi na kumwacha mtoto akitetemeka mikono na moyo ukimwenda mbio.

Dawa ya kasi hiyo ni nafasi tupu kati ya kopo na kinywa. Kifaa cha kazi hiyo huitwa spesa. Ndani yake matone makubwa hunata ukutani, madogo huelea, na mtoto huyavuta kwa pumzi zake za kawaida. Ila spesa ya dukani ina bei, na zahanati nyingi hazina.

Hapo ndipo ninapomshukuru daktari wa watoto Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1999, walilinganisha spesa ya kiwandani, chupa ya mililita 500 iliyozibwa kwa gundi, chupa isiyozibwa, na kikombe cha povu. Kwa watoto waliobanwa sana, chupa iliyozibwa ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Isiyozibwa ilikuwa nyuma yake, na kikombe kikashika mkia.

Kuitengeneza si kazi kubwa. Waya hukunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, hupashwa moto na kugandamizwa kitakoni mwa chupa. Inhela huingizwa plastiki ingali laini ili tundu liibane, kisha gundi huziba pengo. Muhimu ni hewa isivuje. Chupa mpya huwa na umeme tuli unaovuta dawa ukutani, kwa hiyo ioshwe kwa maji ya sabuni ya vyombo na iachwe ichuruzike yenyewe. Usiifute kwa kitambaa, wala usiisuuze ndani. Suuza sehemu ya kinywa tu.

Tikisa inhela, mtoto afumbe midomo kwenye shingo ya chupa, bonyeza mara moja, avute pumzi tano hivi. Kisha tikisa tena na rudia. Kubonyeza mara nyingi kwa mkupuo hupoteza dawa. Mtoto mdogo asiyeweza kufumba midomo vizuri huhitaji barakoa.

Chupa hiyohiyo hufaa kwa inhela ya kuzuia, ambayo mara nyingi ni ya kahawia. Hiyo hutuliza uvimbe wa njia za hewa na hutumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata mtoto akiwa mzima. Baada yake asukutue. Buluu hufungua kifua kwa muda tu. Mtoto anayeiomba mara kwa mara pumu yake haijadhibitiwa, na moshi wa jikoni, vumbi la godoro na mende huenda bado vinamchokoza.

Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikiingia ndani anapohema, au midomo ikigeuka rangi, mkimbizeni hospitali, na njiani endeleeni kumpulizia ile ya buluu kwa chupa.