KUUNGA KADI YA PICHA NJE YA LAPTOPU

Tangu tulipofungua shule muhula huu, wenzangu wengi wameniuliza habari za kadi ya picha niliyoiunga kwenye laptopu ya nyumbani wakati wa likizo ya Desemba. Wengine wamesikia kwamba laptopu ya zamani yaweza kugeuka kuwa mpya kwa siku moja, nao wameanza kuweka akiba. Wengine wamesikia kwamba niliharibu kazi ya mama yangu. Habari zote mbili zina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Ndiyo sababu nimemwomba Mhariri anipe nafasi nieleze jambo hili tangu mwanzo.

Kwanza yafaa tujue kazi ya kadi ya picha. Ndani ya kila kompyuta mna prosesa, ambayo ndiyo inayofanya hesabu za mashine. Prosesa ina viini vichache vyenye uwezo mkubwa. Ile ya laptopu yetu, ya mwaka 2012, ina viwili tu. Viini hivyo hufanya kazi za kila namna upesi sana. Lakini picha ya mchezo ni kazi ya aina nyingine. Kioo cha laptopu yetu kina vitone 1,366 kwa upana na 768 kwa kimo, yaani vitone 1,049,088 kwa jumla. Ili magari ya mchezo yaonekane yanakwenda bila kusitasita, picha nzima sharti ichorwe upya kama mara 60 kwa sekunde. Hivyo mashine hutafuta rangi za vitone karibu milioni 63 katika kila sekunde. Hesabu ya kitone kimoja si ngumu, ila ni nyingi mno.

Kadi ya picha imeundwa kwa kazi hiyo. Ina mamia au maelfu ya viini vidogo vinavyofanya kazi kwa pamoja. Ni kama kusafisha uwanja wa shule: viranja wawili hodari watafagia hadi jioni, lakini shule nzima ikishika mifagio, kazi huisha kabla ya kengele. Kadi niliyoipata ni GeForce GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016. Ina viini 768 na kumbukumbu yake yenyewe ya gigabaiti 4. Kaka yangu alikuwa akiitumia katika kompyuta yake ya mezani, naye aliponunua nyingine akanipa hiyo. Nilishukuru sana, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Watu wengi wakitaka kufanya jambo hili hutazama kadi kwanza: ni ya aina gani, ina nguvu kiasi gani. Nami nilifanya hivyo hivyo. Sasa najua kwamba ni kuanzia mwisho. Kadi iliyo nje ya mashine hutegemea njia mbili, nazo ni njia ya kupitisha habari na njia ya kupitisha umeme. Nguvu ya kadi ni ile tu ambayo njia hizo zinairuhusu.

Nitaanza na njia ya habari. Kadi kama yangu hukaa ndani ya kompyuta ya mezani katika tundu refu la PCI Express lenye mistari 16. Kwa kipimo cha toleo la tatu la PCI Express, mistari hiyo yaweza kupitisha karibu megabaiti 15,750 kwa sekunde kila upande. Laptopu yetu haina tundu hilo. Ina tundu jembamba pembeni liitwalo ExpressCard, ambalo lilipatikana katika laptopu nyingi za miaka ile. Tundu hilo lina mstari mmoja tu, tena wa toleo la pili, unaopitisha megabaiti 500 kwa sekunde. Basi njia ya kadi yangu ilipungua zaidi ya mara 30.

Mtu aweza kuuliza: je, mchezo nao hautapungua mara 30? La, na sababu yake ni hii. Fikirini jiko la shule lenye masufuria makubwa na wapishi hodari, lakini mlango wake ni mwembamba. Siku ya kuingiza magunia, kazi itachelewa sana. Lakini magunia yakiisha kuingia katika stoo ya jikoni, wapishi huhitaji tu kuambiwa watu wangapi watakula. Stoo hiyo ndiyo ile kumbukumbu ya gigabaiti 4. Mchezo ukianza, picha za barabara, miti na magari huingizwa humo mara moja, na baada ya hapo prosesa hupeleka maagizo tu. Maagizo si mazito kama magunia.

Taabu nyingine huja wakati wa kutoa chakula. Kama kadi itachora picha na kuirudisha katika kioo cha laptopu, picha hiyo sharti ipite tena katika mlango ule ule. Tufanye hesabu. Kila kitone huchukua baiti 4, hivyo picha moja ni baiti 4,196,352. Kwa njia ya megabaiti 500 kwa sekunde, safari ya picha moja huchukua milisekunde 8 na zaidi. Nasi tukitaka picha 60 kwa sekunde, kila picha imepewa milisekunde 16 na kitu tu. Nusu ya muda imekwisha njiani! Lakini kadi ina tundu lake la HDMI, ambalo ni kama dirisha la jiko lililofunguka bwaloni. Ukiunga skrini nyingine hapo, picha huenda moja kwa moja kwa mtazamaji wala hairudi mlangoni.

Nilijaribu mambo haya kwa mchezo wa mbio za magari, nikiweka ukubwa ule ule wa picha kila mara ili ulinganifu uwe wa haki. Laptopu peke yake ilichora picha 22 kwa sekunde. Kwa kadi ya nje na kioo cha laptopu nilipata 36. Kwa kadi ya nje na skrini ya mezani, niliyoazimwa na mjomba, nilipata 51. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini nilipojaribu mchezo wa kujenga mji, wenye watu na nyumba nyingi, nilitoka picha 24 nikafika 28 tu. Sababu ni kwamba mchezo huo huisumbua prosesa zaidi kuliko kadi, na prosesa yangu ni ile ile yenye viini viwili. Kadi ya picha haiwezi kumfanyia kazi jirani yake.

Wenzangu wenye laptopu mpya kidogo wana njia pana kuliko yangu. Mwaka 2015 ilitangazwa Thunderbolt 3, ambayo hupitisha gigabiti 40 kwa sekunde na yaweza kuchukua hadi mistari minne ya PCI Express. Thunderbolt 4 ya mwaka 2020 ina mwendo huo huo, na Thunderbolt 5, iliyotangazwa mwaka 2023, ina gigabiti 80. Lakini hapa wengi hukosea. Tundu la Thunderbolt lina umbo sawasawa na tundu la kawaida la USB-C, hata mtu hawezi kuyatofautisha kwa umbo peke yake. Tafuta alama ndogo ya radi pembeni mwa tundu, tena usome kitabu cha laptopu yako kabla ya kutoa fedha. Wala usidanganywe kwamba kadi yaweza kuungwa kwenye tundu la HDMI la laptopu. Tundu hilo hutoa picha tu, halipokei kadi.

Sasa njia ya umeme. Kadi yangu hula umeme hadi wati 75, na kuna kadi nyingine zinazokula wati 200 na zaidi. Chaja ya laptopu yetu hutoa wati 65 kwa mashine nzima. Kwa hiyo kadi ya nje sharti iwe na chombo chake cha umeme, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Nilinunua iliyotumika, pamoja na ubao mdogo wa kuunganishia wenye waya wa ExpressCard, kwa fedha nilizopata nikimsaidia mjomba kutengeneza simu likizo mbili. Pawa saplai hupokea umeme wa volti 230, na ndani yake hubaki umeme hata ukiisha kuchomolewa. Usiifungue kamwe.

Namna ya kuunga ni hii. Zima laptopu kabisa, ondoa chaja, na kama betri yatoka, itoe. Gusa chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme ulio mwilini mwako usiidhuru kadi. Ishike kadi kwa kingo zake, uisukume katika ubao mpaka isikike imeshika. Unga waya za pawa saplai kwenye ubao, unga skrini kwenye kadi, kisha chomeka waya wa ExpressCard katika laptopu. Hapo rudisha betri na chaja. Washa pawa saplai kwanza, laptopu baadaye. Mimi mara ya kwanza nilianza na laptopu, nayo haikuiona kadi kabisa, nikadhani kaka amenipa kadi mbovu. Mashine ikiisha kuwaka, weka draiva ya kadi, yaani programu inayoifundisha kompyuta kuitumia, kisha uiwashe upya. Ukimaliza kucheza, zima laptopu kwanza, kisha pawa saplai. Usichomoe waya wakati mashine inafanya kazi.

Sasa nieleze lile la mama, maana sipendi lielezwe na wengine. Mama ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa cha kina mama 24 wa mtaani kwetu. Hesabu zao huandikwa katika daftari, kisha mama huziingiza katika laptopu. Jioni moja alikuwa ameingiza hesabu za mwezi mzima, akaitwa na jirani kabla hajazihifadhi. Nami nilipoona kiti ki wazi, nikaunga skrini na kadi kwa haraka, nikaiwasha laptopu iliyokuwa imelala bila kuizima kwanza. Ikakubali, nikaufungua mchezo, nikaacha kazi ya mama nyuma yake.

Baada ya nusu saa umeme ulikatika. Nilijua laptopu ina betri, nikadhani hakuna la kuogopa. Lakini kadi haina betri. Ilikufa papo hapo, na laptopu, iliyokuwa katikati ya kuongea nayo, ikaganda. Haikusikia kitufe chochote. Sikuwa na njia ila kuizima kwa nguvu. Tulipoiwasha tena, hesabu za mama hazikuwamo.

Mama hakunipiga wala hakupaza sauti. Alileta daftari na taa, akaniambia, "Mwanangu, hesabu za watu haziwekwi mahali pa kuchezea. Kaa hapa, mimi nitasoma, wewe utaandika." Tulimaliza karibu na saa saba za usiku, na kesho yake kikundi kilikutana kama kawaida. Nilimwomba radhi, naye akanisamehe, lakini mpaka leo nikisikia umeme umekatika nakumbuka sauti yake akisoma majina yale 24.

Tangu siku hiyo tumeweka kanuni tatu nyumbani. Kadi haiungwi mpaka kazi yote imehifadhiwa na programu zake kufungwa. Nakala ya hesabu za kikundi hukaa katika flashi iliyo mkobani mwa mama. Na jioni ambazo umeme unasitasita, hakuna mchezo. Mwenye fedha aweza kununua UPS, chombo chenye betri ambacho huipa kadi dakika chache za kuzima mashine kwa utaratibu. Mimi bado naiwekea akiba.

Je, nawashauri mfanye kama mimi? Aliye na kadi ya kupewa, na laptopu yenye njia ya kufaa, atapata faida na kujifunza mengi. Lakini aliyetaka kununua kila kitu, na ajumlishe kwanza bei ya kadi, ubao, pawa saplai na skrini. Huenda akaona kwamba fedha hizo zamtosha kununua kompyuta ya mezani iliyotumika, ambamo kadi hukaa katika tundu lake lenyewe. Ajumlishe kabla ya kununua, si baada.

Kama kuna mwalimu au mzazi aonaye nimekosea mahali, namwomba anisahihishe katika toleo lijalo. Na mwenzangu atakayetaka kuona vyombo vyenyewe, likizo ijayo njoo nyumbani. Ila uje mchana, tena umwulize mama kwanza kama laptopu ina nafasi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne