Duka la Simuni na Mteja wa Mbinga

Mwenye duka la vitenge mjini Mbinga akiishiwa mzigo halazimiki tena kupanda basi kwenda Kariakoo, Dar es Salaam. Anafungua WhatsApp, anapitia picha ambazo muuzaji wake ameweka kwenye stetasi tangu asubuhi, anachagua, anauliza bei ya jumla. Wanavutana kidogo kwa ujumbe wa sauti, kisha anatumiwa lipa namba. Akishalipa anapiga picha ujumbe wa muamala na kumrushia muuzaji. Jioni inaingia picha nyingine: furushi limezungushiwa salotepu, juu yake yameandikwa kwa maka peni jina lake, namba yake ya simu na neno MBINGA kwa herufi kubwa. Baadaye inafuata risiti ya ofisi ya basi. Mzigo unaanza safari ya zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Iringa, Makambako, Njombe na Songea, na utashushwa stendi.

Hakuna kampuni iliyokaa ofisini ikabuni mpangilio huu. Wafanyabiashara na wateja wao waliuunda wenyewe, hatua moja baada ya nyingine. Ukiutazama kwa makini utaona unajibu maswali yaleyale ambayo wabunifu wa programu za kununulia bidhaa wanalipwa kuyajibu. Bidhaa yenyewe ni ipi? Naongea na nani? Hela yangu imefika? Mzigo uko wapi sasa? Kila jibu linakuja kwa picha au kwa sauti ya mtu anayefahamika, na linakuja kwa wakati ambao mnunuzi ana wasiwasi.

Nasisitiza hili kwa sababu ilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliacha watu wengi wakisema kwamba Mtanzania bado hajawa tayari kununua kwa simu. Mimi siafiki. Mwaka uleule Kariakoo ilikuwa inauza kupitia Instagram na WhatsApp hadi vijijini, na kuanzia hapo haijapunguza mwendo. Watu walikuwa tayari zamani. Kilichowashinda ni maduka ya simuni yaliyochorwa kwa kumfikiria mtu mwenye intaneti isiyokatika, kadi ya benki, barua pepe anayoifungua kila siku na nyumba yenye namba.

Tuanze na hiyo nyumba. Programu nyingi zinamtaka mteja ajaze mtaa, namba ya nyumba na postikodi ndipo zimruhusu kuendelea. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi, vibao vikasimikwa na nyumba zikapewa namba. Ilikuwa kazi kubwa na yenye faida. Lakini mtu wa Liuli au Lituhi, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, akiagiza kitu hakiletwi mlangoni kwake. Kinashuka Mbinga au Mbamba Bay, kinapakiwa kwenye gari dogo, kinaachwa dukani kwa mtu, pengine kinamaliziwa na bodaboda. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 hivi za kuteremka kutoka milima ya Umatengo mpaka ziwani, imeirahisisha sana safari hiyo, ila mzigo bado unapita mikononi mwa watu kadhaa. Fomu inayofaa kwa mwambao huu ingeuliza mambo mawili tu: namba ya simu inayopatikana, na mahali pa kushushia. Postikodi ingeweza kusubiri.

Kwenye malipo ndiko jambo lenyewe linakokolea. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007, menyu yake ikiwa imewekwa ndani ya laini ya simu. Vodacom ilipoileta Tanzania mwaka 2008 ilitumia njia nyingine, ile tunayoijua wote: nyota, mia moja hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Uzuri wake ni kwamba haichagui simu. Mvuvi mwenye kitochi kilichofungwa mpira ili betri isidondoke anaipata huduma ileile anayoipata afisa mwenye simu janja ya bei mbaya. Haihitaji bando. Lakini ujumbe mmoja wa menyu hiyo hauzidi herufi 182, na mazungumzo kati ya simu na mtambo yanadumu kwa muda mfupi tu. Mtandao ukikatika katikati, yote yanafutika na unaanza upya.

Watu wa mwambao wanaifahamu dakika hiyo. Umeweka namba, umeweka kiasi, umeingiza namba ya siri, umebonyeza tuma. Kimya. Au simu janja inakuletea tangazo kuhusu msimbo batili wa MMI, maneno yasiyomwambia kitu mtu ambaye ametoka kutuma ada ya mtoto. Hela imeondoka au haijaondoka? Anasubiri ujumbe. Anaangalia salio. Mwenye haraka anatuma tena, na wakati mwingine zote mbili zinafika. Mwaka 1994 Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark, alipoorodhesha kanuni kumi za mfumo unaomfaa mtumiaji, ya kwanza ilikuwa kwamba mfumo umweleze mtu kinachoendelea. Kwa anayetuma hela huku mnara ukiyumba, kanuni hiyo ndiyo tofauti kati ya kulala usingizi na kutolala. Ningependa kuona menyu ambayo, mtu akiirudia baada ya kukatikiwa, mstari wake wa kwanza unamwambia: muamala wako wa mwisho umefika, au haukufika. Mstari mmoja tu, kabla ya jambo lingine lolote.

Yapo yaliyofanywa vizuri, na lazima yasemwe. Kubwa kwangu ni jina la mpokeaji kutokea kabla hujaweka namba ya siri. Ukikosea tarakimu moja, jina geni linakushtua, unaghairi. Kwenye lipa namba linatokea jina la duka. Umuhimu wake unaonekana hata kwa matapeli. Ule ujumbe wao maarufu unaotaka ile hela itumwe kwenye namba hii hukutajia mapema jina litakalokuja, ili likitokea usishtuke. Wamemsoma mtumiaji hatua kwa hatua, wakajua ni wapi atasita, wakaandaa maneno ya kumvusha hapo. Anayebuni programu ya halali anapaswa kumjua mteja wake kwa undani kuliko hao.

Mwaka 2018 kijana wa Kitanzania, Benjamin Fernandes, alileta programu ya NALA. Ilimwonyesha mtumiaji kurasa safi, zenye majina na vitufe, huku nyuma ya pazia ikipiga zile nyota na reli kwa niaba yake, hivyo ikafanya kazi bila intaneti. Baadaye kampuni hiyo iligeukia kutuma fedha kutoka ng'ambo kuja Afrika. Wazo la mwanzo lingali na thamani: kukubali kwamba mtandao ni dhaifu, kisha kujenga kuanzia hapo.

Kuna kundi ambalo halimo kwenye mazungumzo haya kabisa. Nenda kwa wakala yeyote wa Mbinga msimu ambao wakulima wa kahawa wamelipwa. Utamwona mzee akimkabidhi wakala simu, pamoja na karatasi iliyokunjwa yenye namba ya siri. Si ujinga. Maandishi ni madogo, macho yamechoka, na orodha imejaa mikopo, bima na ofa zilizopachikwa juu ya huduma mbili anazozihitaji, kutuma na kutoa. Wazee wengi wanaotumia simu wenyewe hawasomi menyu. Wamekariri njia kwa vidole: moja, kisha moja, kisha namba. Kampuni ikibadilisha mpangilio ili kutangaza huduma mpya, imewafungia mlango bila kuwaambia, nao wanarudi kukabidhi namba za siri kwa watu wasiowafahamu. Namba moja ibaki kuwa namba moja, mwaka hadi mwaka. Hilo halihitaji teknolojia yoyote.

Turudi kwenye mizigo, maana hapa kuna dhuluma ambayo tumeizoea mno. Tangazo la kawaida la duka la mtandaoni linasema hivi: Dar es Salaam unalipa ukipokea, mikoani unalipa kwanza. Maana yake ni kwamba mnunuzi wa Mbinga, aliye mbali kuliko wote, ndiye anayebeba hatari yote. Viatu vikija namba 40 badala ya 42, nauli ya kuvirudisha ni yake, na muuzaji akikaa kimya hana wa kumfuata. Muuzaji naye ana hoja: akituma bila kulipwa, mzigo unaweza kulala stendi bila mwenyewe kutokea.

Ugumu huu unaweza kutatuliwa kwa kubuni vizuri, na vipande vyote vipo tayari. Ofisi ya basi ina karani, na mawakala wa pesa hawako mbali na stendi. Hela ya mnunuzi ishikiliwe na kampuni ya simu tangu anapoagiza, muuzaji aione kwamba ipo lakini asiweze kuitoa. Furushi likifika, lifunguliwe mbele ya karani. Ujumbe uje kwenye simu ya mnunuzi ukiwa na jina la duka, kiasi, na machaguo mawili: moja kupokea, mbili kurudisha, nauli ya kurudisha ikiwa imekatwa kwa mwenye kosa. Menyu hiyo inaenea ndani ya herufi 182, na inafanya kazi kwenye kitochi.