Hofu Huingilia Masikioni

Mdogo wangu alijifunika uso kwa kanga tangu dakika za mwanzo, akaapa hafunui mpaka filamu iishe. Hakuona kisu, hakuona barakoa nyeupe, hakuona milango ya kabati ikivunjwa. Hata hivyo kila niliposhtuka naye alishtuka, na mara mbili alinitangulia. "Dada, punguza sauti," akaniomba. Nilipoizima kabisa, kanga aliifunua mwenyewe, akamtazama muuaji akipanda ngazi kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba.

Filamu yenyewe ni Halloween, iliyoongozwa na Mmarekani John Carpenter na kutoka mwaka 1978. Ndiyo kwanza niitazame. Nilijiandaa kuona damu nyingi, kumbe damu inayoonekana ni kidogo mno. Carpenter ameeleza kwamba, kabla ya kuikamilisha, alimwonyesha ofisa wa kampuni moja ya filamu nakala isiyo na muziki wala milio, na ofisa yule hakuogopa hata kidogo. Ndipo alipoazimia kuiokoa kazi yake kwa muziki, akautunga mwenyewe: noti chache za piano zinazorudiwa bila kuchoka, kwa hesabu ya mapigo matano aliyofundishwa na baba yake kwenye ngoma ndogo za bongo. Ukijaribu kuzifuata kwa kugonga meza utaona shida yake. Nyimbo nyingi tulizozizoea zinakwenda kwa tatu au nne, mkono unajua pa kutua. Hapa kila ukidhani umefika, bado pigo moja.

Kwa nini sikio liwe na nguvu kiasi hicho? Jicho lina kope, sikio halina. Mlio wa ghafla ukiingia, habari hupita kwenye shina la ubongo na kufika kwenye misuli bila kusubiri fikra. Macho hupepesa na mabega hupanda kwa muda usiofika nusu sekunde, kabla hujajua umesikia nini. Hapo kanga haina msaada wowote.

Wakati huohuo amigdala, kiini chenye umbo la lozi kilichomo kila upande wa ubongo, hupiga king'ora. Tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini. Moyo unakwenda mbio, mboni za macho zinapanuka, ini linatoa sukari kuipa misuli nguvu ya kukimbia au kupigana, viganja vinalowa jasho. Vijisuli vidogo kwenye mizizi ya vinyweleo vinajikaza, na malaika wanasimama. Mwanasayansi Joseph LeDoux alieleza kwamba habari za hatari hupita njia mbili: moja ya mkato, isiyochuja mambo, na nyingine ndefu inayopitia sehemu za ubongo zinazopambanua. Ile ndefu ndiyo inayokuambia kwamba haya ni maigizo na kwamba umeketi kwenye kochi lako. Tatizo ni kwamba inafika mwili ukiwa umekwisha ruka.

Mayowe nayo yana siri yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa ukali wa sauti ya mtu anayepiga yowe hupanda na kushuka kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde, kasi ambayo mazungumzo ya kawaida hayaikaribii. Ukwaruzo huo ndio unaoigusa amigdala. Mwigizaji wa Halloween, Jamie Lee Curtis, anapopiga yowe akiwa amejibanza kabatini, mwili wako unapokea wito wa binadamu aliye hatarini, hata kama akili inajua analipwa mshahara.

Hata damu hubadilika. Mwaka huohuo wa 2015 watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliwapima vijana 24 wenye afya njema kabla na baada ya kutazama filamu ya kutisha, na siku nyingine filamu ya kuelimisha. Ile ya kutisha ilipandisha kiwango cha kigandishi cha damu kiitwacho faktari ya nane, ingawa haikuonekana dalili ya damu kuganda mishipani. Ni kana kwamba mwili ulijiandaa kwa jeraha. Kwa mtu mzima mwenye afya hakuna cha kuhofia. Mwenye ugonjwa wa moyo, au anayesumbuliwa na mashambulizi ya hofu, aongee kwanza na daktari wake; na watoto wadogo, ambao bado hawajaweza kutenganisha hadithi na kweli, nawasihi wazazi wasiwaketishe hapo kabisa.

Adrenalini yenyewe husafishwa kwenye damu kwa dakika chache tu. Tahadhari ndiyo inayokawia. Usiku ule mdogo wangu alilala na taa ikiwaka, lakini mwanga haukumtosha. Saa saba alinigongea mlango, kanga mabegani, akaniuliza kwa kunong'ona kama friji letu limekuwa likinguruma vile siku zote.